Kwa nini gramu moja tu ya polima huongeza sana mnato wa kiyeyushi?

Mwanafunzi wa Kemia

Ndugu zangu, naomba mnifafanulie jambo. Mlinganyo wa Einstein wa mwaka 1906, aliousahihisha mwaka 1911, unaonyesha kwamba vitufe vigumu vilivyotawanyika katika kimiminika huongeza mnato kwa mara 2.5 ya sehemu ya ujazo vinayochukua. Gramu moja ya polistirini, plastiki ambayo ni polima, yaani yenye molekuli ndefu kama minyororo, ina ujazo wa chini kidogo ya sentimita moja ya ujazo, hivyo ikiyeyushwa katika lita moja ya kiyeyushi kiitwacho tolini ingetarajiwa kuongeza mnato kwa chini ya asilimia 0.3. Hata hivyo, polistirini yenye masi ya molekuli 1,000,000 huuongeza kwa zaidi ya asilimia 20. Ziada hii inatoka wapi, ilhali myeyusho ni hafifu na minyororo imetengana?

Mwanapolima

Ndugu, mlinganyo ni sahihi. Ujazo uliouingiza ndio usiofaa. Mnyororo wa masi hiyo una vipande vinavyojirudia takriban 9,600, na ukinyooshwa wote ungefikia urefu wa mikromita 2.4 hivi. Haunyooki, kwa sababu viungo vyake huzunguka na molekuli za kiyeyushi huugonga bila kukoma, kwa hiyo hujikunja ovyo na kuwa fundo legevu lenye nusukipenyo cha takriban nanomita 28 katika saikloheksani, kiyeyushi kingine, ya nyuzi 34.5 za Selsiasi, na zaidi ya nanomita 40 katika tolini. Ukikokotoa ujazo wa fundo hilo katika saikloheksani, utaona kwamba polima yenyewe inachukua asilimia 2 tu, na kinachobaki ni kiyeyushi. Ni kama tonge la katani lililolowa maji: nyuzi ni chache, lakini maji yaliyo ndani huenda pamoja nazo.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Kila kipande cha mnyororo hukokota kimiminika kilicho jirani, na vipande vya nje huvikinga vya ndani dhidi ya mkondo, kiasi kwamba fundo zima huzunguka karibu kama tufe moja. Nadharia ya Rouse ya mwaka 1953 kuhusu mwendo wa minyororo iliacha athari hiyo ya kukingana. Zimm aliiingiza mwaka 1956, na matokeo yakakaribia zaidi vipimo vya maabara.

Kutokana na hayo, mnato wa asili, yaani ongezeko la mnato kwa kila kipimo cha ukolezi pale ukolezi unapokaribia sifuri, hukua kwa kufuata masi ya molekuli iliyopandishwa kwenye kipeo fulani. Staudinger, mwanakemia wa polima, aliamini kwamba uwiano huo ni wa moja kwa moja, kwa kuwa aliichukulia minyororo kuwa migumu kama vijiti. Mlinganyo wa Mark na Houwink uliacha kipeo kiamuliwe na vipimo: ni 0.5 pale mnyororo usipotanuliwa na kiyeyushi, na kati ya 0.7 na 0.8 katika kiyeyushi kizuri, yaani kinachoutanua. Kwa polistirini yako, mnato wa asili ni takriban mililita 82 kwa gramu katika saikloheksani ya nyuzi 34.5, na karibu 250 katika tolini. Vitufe vigumu vya plastiki hiyo hiyo vingekupa 2.4 tu.

Mtu wa Maabara

Naongeza tahadhari kuhusu neno "hafifu". Mafundo huanza kubanana pale ukolezi unapokaribia moja gawanya kwa mnato wa asili, na kwa sampuli hii ni kama gramu 4 kwa lita. Chini ya hapo mafundo mawili bado huathiriana kupitia kimiminika, na ndiyo sababu mlinganyo wa Huggins, unaohusisha mnato na ukolezi, una kijalizo cha mraba wa ukolezi. Pima kwa viskometa ya Ubbelohde, kifaa cha kupima muda wa kimiminika kutiririka katika kapilari, kwa kolezi kadhaa, kisha uchore ongezeko la mnato kwa kila kipimo cha ukolezi dhidi ya ukolezi na uuendeleze mstari hadi ukolezi wa sifuri, na usipime kwa kolezi ndogo mno: minyororo inayonata kwenye ukuta wa kapilari huweza kuupinda mstari huo, na tofauti za muda wa kutiririka huwa ndogo kiasi cha kufunikwa na badiliko dogo la jotoridi.

Mwanafunzi wa Kemia

Nashukuru sana. Je, kwa nini saikloheksani inatajwa pamoja na nyuzi 34.5?

Mwanapolima

Katika jotoridi hilo, mvutano kati ya vipande vya mnyororo unafutana na kule kuzuiana nafasi kwa vipande hivyo, hivyo mnyororo hujikunja kana kwamba vipande vyake havitambuani. Flory, mwanakemia aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1974, aliliita jotoridi la theta. Ukipoza chini yake, fundo husinyaa, na minyororo mirefu ndiyo hutangulia kujitenga na myeyusho. Kwa hiyo, unapotafuta masi kutokana na mnato, chukua viwango vya mlinganyo wa Mark na Houwink vya kiyeyushi kile kile na jotoridi lile lile ulilotumia, hata kama jedwali la kiyeyushi kingine ndilo lililo karibu nawe.