Mrejesho: RX-8 yangu sasa inatembea kwa dizeli

Wakuu, salamu kutoka Nakuru. Miezi mitano iliyopita niliuliza kama Mazda RX-8 yangu, iliyopoteza kompresheni baada ya sili za rota (kipande cha pembetatu kinachozunguka ndani ya injini badala ya pistoni) kuisha, inaweza kubeba injini ya dizeli. Wengi mlinikataza. Gari linatembea.

Nimeweka injini ya dizeli ya Toyota, 1KZ ya lita 3, na gia boksi yake. Injini ya rota ni fupi na hukaa chini sana. Hii ni ndefu, tena imeinuka. Fundi alitengeneza mauntingi mapya (vishikilio vya injini), na boneti bado haifungi vizuri. Tangi tulilisafisha, tukaongeza paipu ya kurudisha dizeli.

Kilichonitesa hasa ni usukani. Ni wa umeme, na bila taarifa za kompyuta ya injini ya zamani ulikuwa mzito kama wa trekta. Fundi wa waya alihangaika wiki mbili nzima, Mungu ambariki.

Sasa Salgaa hadi Mau Summit napanda bila kushusha gia. Ila aliyenionya kwamba difu (gia za ekseli ya nyuma) haitaifaa dizeli alisema kweli: ilipangiwa injini inayofika mizunguko 9,000 kwa dakika, na hii inachoka kwenye 4,000. Natafuta difu ndefu zaidi, yaani inayoiacha injini izunguke polepole kwa mwendo uleule. Pua nayo imekuwa nzito, kwenye kona naihisi.

Mlio ule wa zamani naukosa sana.

Wiki ijayo napeleka namba mpya ya injini NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani.