Habu ya mbele ya trekta inavuja oili, sili mpya imeshindwa. Niangalie nini?

mkulima_mbarali
Wakuu, naombeni msaada kabla msimu haujanipita. Nina trekta la foo wili (magurudumu yote manne yanavuta), nguvu ya farasi 75, nalitumia kuvuruga majaruba huku Mbarali. Habu (kitovu cha gurudumu) ya mbele kushoto inalowa oili upande wa ndani wa gurudumu, inachuruzika mpaka kwenye rimu. Fundi alibadilisha sili (pete ya mpira inayozuia oili isitoke), ikakaa kavu muda mfupi, ikaanza upya. Sasa anataka tununue nyingine. Sili hiyo ni ghali, mpaka niifuate Mbeya mjini, na watu wanasubiri kulimiwa. Kuna cha kuangalia kabla sijafungua tena?

fundi_gia
Pole mkuu. Usinunue bado. Sili ikifa upesi hivyo, kuna kinachoiua.

Kwanza ujue ni oili ya wapi. Jirani na habu kuna jeki ya stelingi (silinda ya haidroliki inayogeuza magurudumu), nayo ikivuja oili hushuka hapo hapo na lawama zinaenda kwa habu. Osha kwa dizeli na brashi, kausha kabisa, paka unga wa chaki. Washa injini, zungusha stelingi kulia na kushoto trekta likiwa limesimama. Chaki ikilowa kwenye jeki, umepata jibu. Ikibaki kavu, tembeza barabarani kidogo halafu utazame ilipoanza kulowa: nyuma ya gurudumu ni sili kubwa, kwenye mfuniko wa nje ni oringi au bolti zilizolegea, juu na chini ya kinpini (pini ambayo gurudumu hugeukia likikata kona) ni sili za hapo.

Oili ya gia ni nzito na hunuka kiberiti, ya haidroliki ni nyepesi. Ila matrekta mengine yanatumia oili moja kote, hapo pua haikusaidii.

mama_jaruba
Kaka, kipumulio cha ekseli (kitundu cha kutolea hewa) umekiangalia? Kwenye tope huziba haraka sana. Oili ikipata moto hewa inatanuka, ikikosa pa kutokea inasukuma sili. Halafu unaingiza habu ya moto kwenye maji baridi, hewa inasinyaa, maji yanavutwa ndani. Kwa sisi wa mpunga hiki ndicho cha kwanza, na kukizibua hakugharimu kitu.

dereva_rotaveta
Mimi nashauri ujaze grisi humo humo umalize msimu. Grisi haivuji.

fundi_gia
Hapana ndugu yangu, utamuua mwenzio. Ndani ya habu ya foo wili mara nyingi mna gia ndogo zinazozunguka gia ya kati, zinahitaji oili inayorushwa ifike kila pembe. Grisi itasukumwa pembeni ibaki huko, gia na beringi zisage kavu. Sili ni bei kubwa, lakini seti ya gia ni bei ya kuuza ng'ombe.

mkulima_mbarali
Asanteni. Jeki ya stelingi ni kavu, chaki imelowa nyuma ya gurudumu. Kipumulio kimeziba tope gumu kabisa. Nimelegeza plagi ya habu, oili iliyotoka ina rangi ya chai ya maziwa.

fundi_gia
Basi maji yameshaingia, na hata ukizibua kipumulio oili hiyo haifai kubaki humo. Ukimwaga, geuza gurudumu plagi iwe juu, ilegeze taratibu presha itoke, ndipo uishushe chini. Pitisha oili kwenye kitambaa cheupe: ukiona vipande vya chuma, beringi imeanza kuondoka.

Sasa kipimo ninachokiamini kuliko vyote. Zuia magurudumu ya nyuma kwa mawe, inua mbele, weka stendi pande zote mbili kwa sababu ekseli hii huyumba katikati. Shika gurudumu juu na chini, litikise. Likicheza, mwenzako atazame nyuma. Habu ikicheza peke yake, ni beringi. Ikicheza pamoja na nakoo (chuma kinachobeba habu na kugeuka nayo), ni kinpini. Beringi yenye mchezo hupeleka sili huku na huku, hakuna sili itakayodumu.

Na pima oili ya difu (gia za katikati ya ekseli) pia. Kama oili yake inapungua huku ya habu inazidi, sili ya ndani ya shafti inapitisha.

mkulima_mbarali
Difu iko sawa. Gurudumu linacheza, habu peke yake. Na tulipotoa gurudumu tumekuta nyuzi za viroba zimejisokota nyuma ya habu, zimekata ukingo wa sili.

mama_jaruba
Nyuzi hizo zinatoka kwenye viroba vya mbolea vinavyoachwa jarubani. Kila jioni mulika tochi nyuma ya magurudumu, uzikate kabla hazijafika ndani.

fundi_gia
Badilisha beringi na sili pamoja, kaza kwa kipimo cha kitabu cha trekta lako. Sili isigongwe upande mmoja kwa nyundo. Tafuta bomba la upana wake, isukume iingie sawasawa. Kama ni sili ya kawaida (isiyokuja na pete yake ya ndani), pitisha ukucha mahali inapokaa: ukisikia mfereji, mpya itavuja palepale, sehemu hiyo ivalishwe pete au ibadilishwe. Wakati wa kujaza, weka alama ya kiwango cha oili kwenye habu ilale sawa na ardhi, mimina mpaka oili ifike mdomo wa tundu, usizidishe.

mkulima_mbarali
Kesho asubuhi naenda Mbeya kufuata beringi na sili. Kipumulio nimeshakizibua, naweka na mpira mrefu kipumue juu ya maji.