Sensex ikipanda, nani anashiba? Mjadala kuhusu viashiria vya soko la hisa la India

Mwana wa Ilala
Wakuu, salaam. Kuna jambo linaninyima raha. Mwishoni mwa Septemba 2024 Sensex, kiashiria cha soko la hisa la Mumbai, iligusa karibu pointi 86,000, na tangu hapo kila anayetaka kuisifu India ananitajia namba hiyo. Mimi nasema Sensex inapima kampuni 30, haipimi nchi yenye watu zaidi ya bilioni 1.4. Mnakumbuka 2020? Tarehe 23 Machi ilianguka karibu pointi 4,000 kwa siku moja, asilimia 13 hivi, ikabaki kama 26,000. Siku mbili baadaye nchi nzima ikafungwa. Vibarua wakatembea kwa miguu mamia ya kilomita kurudi vijijini kwao, na mwaka ule wa fedha uchumi wao ukasinyaa. Halafu Januari 2021 Sensex ikagusa 50,000. Uchumi umeshuka, kiashiria kimekaribia kuwa mara mbili! Anayeweza kunieleza anieleze. Ila nisishangae sana, maana mtaa lilipo hilo soko unaitwa Dalal Street, mtaa wa madalali. Na dalali tunamjua, nyumba haina hata bomba atakwambia maji yanatoka saa ishirini na nne.

Mwanachuo Pune
Kaka, niko Pune mwaka wa tatu, nasoma biashara, na somo hili tumelifanyia mtihani juzi. Sensex si wastani wa bei za hisa. Wanachukua kampuni 30 kubwa za BSE, yaani soko la hisa la Bombay, Mumbai ya leo, wanapiga hesabu ya thamani ya hisa ambazo mtu yeyote anaweza kuzinunua sokoni. Hisa za waanzilishi na za serikali ambazo hazizunguki zinaachwa nje. Jumla hiyo inalinganishwa na ya mwaka wa msingi, 1978-79, ambao ulipewa 100. Ukisikia 80,000 maana yake ni mara 800 ya mwanzo. Nifty 50 ni ya soko jingine, NSE, ina kampuni 50, msingi wake ni 3 Novemba 1995 na ilianzia 1,000.

Mfano mzuri wa hisa huru, yaani hizo zinazozunguka sokoni, ni LIC, shirika la bima la serikali. Liliingia sokoni Mei 2022, serikali ikauza asilimia 3.5 tu. Ukilitazama lote ni jitu. Ukitazama hisa zinazozunguka ni kitu kidogo, na ndiyo maana halimo kwenye Nifty 50.

Dalali wa Sinza
Mwana wa Ilala, kwenye Sensex sina neno, sijui. Lakini hilo la bomba umelitoa wapi? Nina miaka 19 kwenye kazi hii. Nimetembeza watu kwenye jua kutwa nzima, mtu anaona vyumba kumi na viwili, jioni ananiambia "nitakupigia" na hapigi. Nikipata mteja wa kweli nalipwa kodi ya mwezi mmoja, na hapo nimeshakula nauli yangu. Wewe ulitaka kuzungumzia Wahindi, madalali wa Dar tumekukosea nini?

Wa Nyali
Ngojeni kwanza. NSE ilianza 1995? NSE iko tangu 1954! Marehemu baba alikuwa na hisa huko.

Fundi Hesabu
Hiyo ni ya Nairobi, ndugu yangu. Hapa tunasema NSE ya Mumbai. Soko lenyewe lilianza kuuza hisa 1994, hiyo 1995 ni siku ya msingi ya Nifty, na Nifty ilitangazwa Aprili 1996. Sensex vilevile, msingi ni 1978-79 lakini watu walianza kuisoma 1 Januari 1986. Watu wengi wanachanganya hapo, hata magazetini.

Wa Nyali
Sawa, nimekubali. Lakini kwetu Kenya tuna NASI, kiashiria cha hisa zote za soko la Nairobi, na sote tunajua ilivyo. Safaricom ikishuka, kiashiria chote kinashuka nayo hata kama kampuni nyingi zimepanda siku hiyo. Safaricom ya Wahindi ni ipi? Nilisikia kuna kampuni ya matairi, hisa moja rupia laki moja. Hiyo lazima ndiyo inavuta kila kitu.

Fundi Hesabu
Hiyo ni MRF, na kweli ilivuka rupia laki moja kwa hisa moja Juni 2023. Lakini haimo kwenye Sensex wala kwenye Nifty 50. Ukubwa wa bei ya hisa moja hauna uzito wowote katika hesabu hii. Mkate ukiukata vipande vinne au vipande mia, mkate ni uleule. MRF wameukata vipande vichache, basi. Wanaovuta ni HDFC Bank, ICICI Bank na Reliance, kampuni ya tajiri Mukesh Ambani. Hao watatu peke yao wanakaribia theluthi ya Nifty. Siku HDFC Bank ikianguka vibaya, kampuni ndogo ishirini zinaweza kupanda na bado taarifa ya habari ikasema soko limeshuka. Kwa hiyo swali lako la Safaricom ni la msingi kuliko unavyodhani.

Mwana wa Ilala
Dalali wa Sinza, sijakutaja wewe. Nimetaja tabia. Mimi mwenyewe nimeshalipia chumba Tabata nikakuta watu wawili tumelipia chumba kimoja. Kama wewe u mwaminifu, Mungu akubariki, lakini usinizuie kusema yaliyonikuta.

Na Fundi Hesabu unanisaidia hoja yangu. Benki mbili na tajiri mmoja, halafu tunaambiwa huo ndio uchumi wa India?

Bi Mkubwa wa Tanga
Wanangu, msigombane kwa neno msilolijua lilikotoka. Dalali ni neno la Kiarabu, limeingia kwetu na limeingia kwao. Hisa hivyohivyo, Mhindi anasema *hissa*, fungu. Laki mnayoitaja kila siku ni yao, na hundi ni yao. Na rupia ilitumika pwani yetu yote kabla ya shilingi. Wazee wetu walifanya biashara na Bombay wakati soko hilo halina hata jengo. Wale madalali walikutana chini ya mti, mkuyu wa Kihindi wenye mizizi inayoning'inia, na mwaka 1875 wakaunda chama chao. Ndilo soko la hisa kongwe kuliko yote Asia. Basi dalali asitukanwe, yeye ndiye mwenye nyumba.

Dalali wa Sinza
Ahsante mama, shikamoo. Umenitoa machozi, sikulijua hilo la mti.

Mwanachuo Pune
Bi Mkubwa, shikamoo. Niongeze tu kwamba hata Kihindi cha siku hizi neno *dalal* linatumika kama tusi. Hapa ukimwita mtu hivyo barabarani mtapigana.

Dalali wa Sinza
Hilo la kuongeza lilikuwa na haja gani, mdogo wangu?

Mzee wa Posta
Haja ipo. Wa kwanza kuwafanya Wahindi wa kawaida waitazame Sensex kila asubuhi alikuwa dalali, Harshad Mehta. Alichukua fedha za mabenki kwa karatasi ambazo nyuma yake hakukuwa na kitu, akanunua hisa, Sensex ikapanda mpaka ikakaribia 4,500 Aprili 1992. Hisa moja ya ACC, kampuni ya saruji, aliitoa rupia mia mbili akaifikisha elfu tisa. Mwandishi mmoja wa gazeti akafichua, soko likaporomoka, watu wakapoteza akiba zao. Alifia mahabusu mwisho wa 2001. Kiashiria kilipanda kweli, namba zilikuwa za kweli, ila kilichozipandisha kilikuwa wizi. Kwa hiyo Mwana wa Ilala hajakosea hata neno moja.

Fundi Hesabu
Mzee wa Posta, malizia hadithi basi. Mwaka huohuo wa 1992 mdhibiti wa masoko yao, SEBI, alipewa meno kisheria, na baada ya wizi ule NSE ikaja na biashara ya kompyuta, ikaua ile ya kupigiana kelele ukumbini. Na kiashiria kinajisafisha. Satyam, kampuni ya programu za kompyuta, ilikuwa ndani ya Sensex na Nifty. Januari 2009 mwenyekiti wake alipoandika barua ya kukiri kwamba amepika hesabu kwa miaka, ikaondolewa kote kuwili ndani ya siku chache. Desemba 2024 Zomato, kampuni ya kupeleka chakula majumbani, imeingia Sensex, JSW Steel ikatoka. Nchi inabadilika na orodha inabadilika nayo.

Mzee wa Posta
Umesema inajisafisha. Hujauliza maiti ilikaa ndani siku ngapi kabla haijatolewa. Ukiwa na orodha inayotoa walioshindwa na kuingiza wanaoshinda, hiyo orodha itapanda hata kijiji kikifa. Timu inayoruhusiwa kubadilisha wachezaji kila miezi sita huwezi kuilinganisha na wachezaji walewale wa 1986.

Fundi Hesabu
Hapo umesema kweli na nimelala nalo usiku kucha. Lakini anayenunua mfuko wa uwekezaji unaofuata kiashiria anabadilishiwa wachezaji na yeye pia, kwa hiyo faida ile anaipata kweli. Na si matajiri peke yao. Mfuko wa akiba ya wafanyakazi wa India unaweka sehemu ya fedha kwenye mifuko ya namna hiyo tangu 2015. Tena watu wa mishahara wanachangia wenyewe kidogokidogo kila mwezi kwenye mifuko ya uwekezaji, na kwa nchi nzima michango ya namna hiyo imevuka rupia bilioni 200 kwa mwezi tangu 2024. Kuhusu 2020, benki kuu ilishusha riba mpaka asilimia 4, fedha za kigeni zikamiminika mwisho wa mwaka, na wanunuzi walikuwa wanatazama faida ya miaka ijayo. Soko halikuwa linapima mwezi ule.

Mwana wa Ilala
Umetaja benki kuu, umetaja wageni, umetaja wenye mishahara. Kibarua hujamtaja. Zaidi ya asilimia 40 ya wafanyakazi wa India wako shambani, shamba gani limo kwenye Sensex?

Wa Nyali
Na gawio? Hizo pointi zina gawio ndani yake?

Fundi Hesabu
Hazina. Kampuni ikilipa gawio bei ya hisa inapungua, na Sensex ya kwenye taarifa ya habari inaonyesha ule upungufu tu. Kuna toleo jingine linalorudisha gawio ndani, na ndilo mifuko inatakiwa kujilinganisha nalo.

Mwanachuo Pune
Ninyi mnabishana kama Sensex inapima nchi. Hapa mtaani kwetu hakuna kijana anayenunua kiashiria akae nacho miaka. Wanacheza mikataba ya kubashiri Nifty itapanda au itashuka ndani ya wiki, wengine ndani ya siku. Mtoto wa mwenye nyumba wangu, umri wangu, alianza na elfu kumi kwenye simu. Mwezi wa kwanza alipata, akatununulia biriani ghorofa nzima. Sasa nyumba ile hawaongei mezani.

Fundi Hesabu
SEBI wenyewe walitoa ripoti Septemba 2024. Watu binafsi wanaocheza mikataba hiyo, asilimia 93 walipata hasara ndani ya miaka mitatu, wastani wa kama rupia laki mbili kila mmoja, jumla inavuka trilioni 1.8. Julai 2025 wakaituhumu kampuni ya Kimarekani, Jane Street, kwamba asubuhi ilikuwa inanunua hisa za mabenki ili Bank Nifty, kiashiria cha hisa za mabenki, ipande, huku imeshika mikataba mikubwa inayolipa ikishuka, kisha inaziuza baadaye. Waliamriwa kuweka zaidi ya rupia bilioni 48. Wao wanakana.

Dalali wa Sinza
Mimi nikimpeleka mtu nyumba mbovu, kesho ananifuata Sinza, ananikuta palepale nimekaa, tunagombana, mwisho namtafutia nyingine. Huyo kijana wa Pune amfuate nani?

Bi Mkubwa wa Tanga
Na wazee wake wamelipaje?

Mwanachuo Pune
Mama yake aliuza bangili za dhahabu za harusi yake, Bi Mkubwa. Zilikuwa sita, amebaki na moja.