Alama ya ♟️: inamaanisha nini, na kwa nini inavuruga safu ya kete?

Mdau_Kabwe
Wakuu, salaam kutoka Mbeya. Kwenye kundi letu la sataranji la WhatsApp kuna watu wanapachika ♟️ mwisho wa ujumbe hata kama hawazungumzii mchezo. Maana yake nini hasa? La pili: natengeneza tangazo la mashindano ya wanafunzi Uyole. Nikipanga weusi, ♜♞♝♛♚♝♞♜ zinakaa vizuri, ila askari wanane wa safu ya pili wanakuja wanene, wana kivuli, na mstari unapitiliza. Ubovu wa simu au wangu?

Fonti_na_Wino
Si wewe, mkuu. Kete zote 12 zilikuwa tayari kwenye Unicode 1.1 ya mwaka 1993 (orodha ya kimataifa inayoipa kila herufi namba yake), kuanzia U+2654 (mfalme mweupe) hadi U+265F (askari mweusi). Hizo ni herufi tu, zinafuata rangi na ukubwa wa fonti. Mwaka 2018 ikateuliwa moja, askari mweusi, ikawa emoji. Ndiyo maana kwenye kibodi ya simu yuko peke yake, jirani na kopa na shupaza. Kichekesho ni kwamba kwenye kuandika hatua askari ndiye asiyehitaji alama: unaandika mraba anaofika tu, e5, basi. Anayehitaji ni farasi, ♞f6, na yeye hayumo.

Dawa: kila askari afuatwe na alama isiyoonekana, U+FE0E, inayoamuru "onyesha kama maandishi". Ndugu yake U+FE0F huamuru "onyesha kama emoji", na ukinakili kutoka kibodi ya simu ndiye unayembeba. Kwa hiyo fanyia kazi kwenye kompyuta. Kwenye Word andika 265F, bonyeza Alt+X, kisha weka safu zote mbili kwenye fonti moja, Segoe UI Symbol au DejaVu Sans. Acha nafasi kabla ya 265F. Ikigusana na namba au herufi kama a au c, Word huzisoma pamoja na kukutolea kitu kingine. Kwenye tovuti ni ♟︎. Na ukienda steshenari Mwanjelwa peleka PDF, usipeleke faili la Word. Kompyuta yao ikikosa fonti hiyo, kete zinaweza kutoka visanduku vitupu.

Kijiwe_cha_Drafti
Kwenye maana, inategemea nani anaandika. Peke yake mwisho wa sentensi: "nina mpango, subirini". Ikielekezwa kwa mtu ni kijembe, kwamba anatumiwa na wakubwa na atatolewa kafara wa kwanza. ♟️👑 ni kinyume chake: askari akifika safu ya nane hugeuzwa malkia, kwa hiyo ni mdogo aliyepanda. Hiyo taji watu huiweka kwa sababu malkia wa sataranji hana emoji. Vivyo hivyo 🐴 kwa farasi na 🏰 kwa ngome.

Tahadhari moja ya kwetu: usiandike "nauza kete ♟️" bila neno sataranji. Mtaani kete ni ya bangi au unga, na emoji haitakutetea.

Mdau_Kabwe
Asanteni, safu imenyooka. Ila nikituma ♔ kundini, mmoja anadai nimemtumia mfalme mweusi.

Fonti_na_Wino
Huyo simu yake iko kwenye mandhari ya giza. ♔ ni mstari wa nje tu, ndani ni wazi, hivyo weusi wa skrini unamjaza. ♚ amejazwa kwa rangi ya maandishi, na maandishi yake ni meupe. Rangi zimebadilishana. Na ndani ya WhatsApp usiitegemee FE0E, baadhi ya programu za ujumbe huipuuza. Kundini andika "mweupe: Mfalme g1" kwa maneno, au piga picha ubao wenyewe utume.