Machicha ya zabibu kwa wanakondoo: niendelee au niache?

Mfugaji wa Hombolo
Ndugu wafugaji, habari za kazi. Nina wanakondoo 18 walioachishwa kunyonya mwezi Agosti, na malisho huku kwetu yamekwisha kukauka. Kiwanda cha mvinyo kilicho jirani kinaniruhusu kuchukua machicha ya zabibu bila malipo, kwani kwao ni taka. Wanayala kwa hamu, lakini uzito hauongezeki na kinyesi kimekuwa kigumu. Je, nimekosea wapi?

Mkulima wa Mpunguzi
Umekosea kwenye kipimo. Machicha yana mbegu na nyuzinyuzi ngumu, tena yana tanini, ambayo hushikamana na protini tumboni, kiasi kwamba mwanakondoo hushiba bila kukua. Mimi sizidishi sehemu moja katika kumi ya chakula kikavu. Kinachobaki ni nyasi kavu, pumba za mahindi na mashudu ya alizeti, ili protini ifike asilimia 14 hadi 16. Machicha yaanike siku hiyohiyo unayoyachukua, juu ya turubai. Jua la Septemba linakusaidia, maana machicha ya Machi huota ukungu kabla hayajakauka.

Afisa mifugo, Dodoma
Ndugu mfugaji, mimi ningeanza kwa kuuliza mizabibu hiyo ilipuliziwa nini. Wakulima wengi hukinga ubwiri, yaani ugonjwa wa ukungu wa mizabibu, kwa mrututu au dawa nyingine zenye shaba, na mabaki yake hubaki kwenye maganda, yaani kwenye machicha yenyewe. Kondoo huitoa shaba mwilini kwa shida kuliko ng'ombe au mbuzi. Huilimbikiza kwenye ini kwa wiki nyingi bila dalili yoyote, hadi siku ini linapoiachia kwenye damu kwa ghafla, na hapo utaona macho ya njano, mkojo wa rangi nyeusi na kifo cha haraka. Kwa hiyo hata mwenye mbuzi akikuambia kwamba wake hula machicha bila kudhurika, usitulie. Chunguza pia madini unayowapa, kwa kuwa yale ya ng'ombe huongezwa shaba makusudi.

Mfugaji wa Hombolo
Nawashukuru sana. Jiwe la chumvi lililomo zizini ni la ng'ombe, nami nimelitoa jioni hii. Wakulima wawili wanaouza zabibu kiwandani hapo wamenieleza kwamba walipulizia mrututu msimu wote, hivyo wanakondoo watakula mashudu na pumba tu, na magunia manne ya machicha yaliyosalia nimempa jirani mwenye ng'ombe.