Nimesoma elektroniki, nataka uzamivu wa fotoniki: barua pepe 14, majibu sifuri

MzungushaSaketi
Wakuu, heshima kwenu.

Nina shahada ya kwanza ya uhandisi wa elektroniki, daraja la pili la juu. Natafuta nafasi ya utafiti kwenye fotoniki (teknolojia ya kutumia nuru) na elektroniki, iwe uzamili wa utafiti au uzamivu moja kwa moja, popote mlango utakapofunguka. Nimeandikia maprofesa 14. Kwa wawili nilijibiwa na mashine kwamba wako likizo, waliobaki kimya.

Shida yangu, fotoniki nimeisoma muhula mmoja tu, tena juujuu: leza, faiba, mtihani, kwaheri. Mradi wangu wa mwisho ulikuwa kitu cha kawaida cha kudhibiti joto, hauhusiani na haya mambo, kwa hiyo kwenye wasifu nimeuweka mstari mmoja chini kabisa. Je, niandike andiko langu mwenyewe la utafiti au niombe miradi iliyotangazwa? Na hivi mtu wa saketi anapokelewa kweli huko kwa watu wa nuru? Msinivunje moyo, ila msinidanganye pia.

NusuKipitishi
Bandika hapa hiyo barua unayowatumia. Bila kuiona sina la kusema.

MzungushaSaketi
"Mheshimiwa Profesa, natumaini hujambo. Mimi ni kijana mwenye bidii na ninavutiwa sana na utafiti wako wa kiwango cha juu katika fotoniki. Nitafurahi mno kupata nafasi kwenye kundi lako. Nimeambatisha wasifu, matokeo na vyeti vyangu vyote."

Ni hiyohiyo kwa wote, nabadilisha jina tu.

MlaChumvi
Na kuna mmoja ulisahau kubadilisha jina. Sema kweli.

MzungushaSaketi
Wawili.

NusuKipitishi
Hahaha, pole mkuu. Niko mwaka wa tatu wa uzamivu na nimekaa jirani na ofisi ya msimamizi wangu, kwa hiyo naona barua hizi zinavyokufa. Wala si dharau. Hebu futa neno "fotoniki" uweke "ng'ombe wa maziwa", uone kama barua haijasimama vilevile. Msomaji hajui unataka nini kwake hasa, na fotoniki ni bahari: kuna wa leza, wa faiba, wa vitambuzi vya kupimia magonjwa, wa chipu za silikoni, wa indiamu fosfaidi kwa sababu silikoni yenyewe ni mvivu wa kutoa nuru. Watu hawa hata vifaa hawaazimani. Soma makala mbili za hivi karibuni za huyo unayemwandikia, tafuta mahali wanapokiri kwamba jambo fulani bado linawasumbua, uanzie hapo.

Halafu rudi nyuma kidogo. Huo mradi wa joto ulidhibiti nini, na kwa usahihi gani?

MzungushaSaketi
Kisanduku cha alumini, mkuu. Themista (kihisi joto) ndani, transista inasukuma mkondo kwenye hita, kidhibiti cha PID (kinacholinganisha joto lililopo na linalotakiwa, kisha kurekebisha hita) kwenye maikrokontrola. Mwanzo joto lilikuwa linapanda na kushuka kama bembea, nikabadilisha namba za PID wiki tatu bila nafuu. Kumbe themista niliigandisha upande wa pili, mbali na hita, hivyo taarifa ilikuwa inachelewa. Nilipoisogeza ikatulia ndani ya digrii 0.1. Ndiyo hivyo tu.

NusuKipitishi
"Ndiyo hivyo tu"! Umekalia mtumbwi halafu unauliza utavukaje.

Sikiliza. Kwenye chipu za silikoni kuna kitu tunakiita pete. Ni njia ya nuru, upana wake kama nanomita 500, iliyokunjwa ikawa duara. Nuru ambayo mawimbi yake yanaingia kamili kwenye mzunguko hunaswa, nyingine hupita, kwa hiyo pete ni kichujio. Ubaya wake ni kwamba silikoni ikipata joto, mwendo wa nuru ndani yake hubadilika, na mahali pa kunasa panahama takriban nanomita 0.08 kwa kila digrii. Unaona ni kidogo? Chaneli za faiba, yaani mawimbi ya nuru yanayobeba taarifa tofauti, zikipangwa kwa gigahezi 100, basi karibu na nanomita 1550 zinaachana nanomita 0.8 tu. Joto likipanda digrii 10, pete yako inasikiliza mazungumzo ya jirani. Sasa iweke chipu hiyo pembeni ya prosesa inayochemka na kupoa kila wakati. Bila hita ndogo juu ya pete na saketi ya kuirudisha mahali pake, hakuna kitu hapo.

Hiyo saketi anaitengeneza nani? Mara nyingi watu wa nuru wanamtafuta mtu wa saketi wa kuwatengenezea. Huo mradi upandishe juu ya ukurasa leo hii, na kisa cha themista kiwemo.

BintiVolti
NusuKipitishi amesema kweli, ila kaka usije ukadhani saketi zitakubeba mpaka mwisho. Mimi pia nilitoka elektroniki. Kwenye andiko langu la kwanza niliandika kwa kujiamini kwamba pete yenye nusukipenyo cha mikromita 10 itakuwa na vilele (mahali pete inaponasa nuru) vilivyoachana karibu nanomita 16. Siku ya mahojiano mmoja wa waliokuwa wakinihoji akaniuliza kwa upole, "Hapa umegawa kwa namba gani?" Nikasema 2.4. Akanyamaza, akanisogezea kalamu ya ubao. Nilisimama pale nikiutazama ubao hadi mwenzake akanihurumia akahamia swali lingine.

Kosa lenyewe ni hili. Kupata umbali kati ya vilele unachukua mraba wa urefu wa wimbi, unagawa kwa mzingo wa pete mara namba ya upunguaji mwendo. Namba hizo ziko mbili: moja ni ya mawimbi yenyewe, nyingine ni ya kifurushi kizima cha mawimbi. Inayotakiwa ni ya kifurushi, ambayo kwa njia kama hizo za silikoni ni kama 4.2. Jibu linashuka hadi nanomita 9 hivi.

Walinikataa. Nikaikokotoa upya njia ile kwa MPB, halafu pete kwa Meep, zote ni programu za bure za kukokotoa mwenendo wa nuru, zilizoanzia MIT, laptopu ikiunguruma usiku kucha kama mashine ya kusaga. Kwenye andiko la pili nikaliandika kosa langu waziwazi, pamoja na grafu mbili za kabla na baada. Mahojiano yale mengine karibu yote yaliishia kwenye grafu hizo, na ndiko niliko sasa.

Kuhusu swali lako: mradi uliotangazwa una pesa tayari na una swali tayari. Hawakuombi ubuni jipya, wanataka kuona umelielewa lao na unaweza kuanzia wapi. Andiko la kwako mwenyewe andika pale tu unapoomba ufadhili wa nje, na hata hapo liandike na msimamizi aliyekubali, usilipike peke yako gizani. Kwa hali yako ningeanza na iliyotangazwa.

MlaChumvi
Mimi naona mnazunguka. Omba chuo chenye jina, mengine yatafuata.

NusuKipitishi
Hapana mkuu, kwenye fani hii jina linaweza kukutia shimoni. Muulize msimamizi mtarajiwa: chipu zenu anatengeneza nani, na zinachukua muda gani kurudi? Makundi mengi hayana chumba chao kisicho na vumbi. Yanachangia kipande cha silikoni na makundi mengine, na kusubiri miezi kadhaa ni kawaida. Ukikosea mchoro, hiyo miezi imekwenda na unaanza upya. Chuo kisicho na sifa kubwa chenye meza nzuri ya vipimo na ratiba ya chipu inayoeleweka nakichagua mbele ya jina. Na zungumza na wanafunzi wake wawili bila yeye kuwepo.

KipimaMwanga
Naongezea ya makaratasi maana ndiyo huangusha watu. Ukienda Uingereza kwa utafiti wa aina hii, raia wa nchi nyingi wanatakiwa kupata cheti cha ATAS (kibali cha serikali cha kusomea au kutafiti fani nyeti) kabla ya kuomba viza. Hakilipiwi lakini kinakula muda. Nafasi za uzamivu za Marie Skłodowska-Curie (ufadhili wa Umoja wa Ulaya) nazo zina sharti la kuhama: katika miezi 36 kabla ya kuajiriwa usiwe umeishi au kufanya kazi zaidi ya miezi 12 kwenye nchi ya taasisi inayokuchukua. Mtu anaenda kwanza "kuzoea mazingira", kumbe anajifungia mlango. Na barua za mapendekezo waombe waliokuona ukifanya kazi kwa mikono. Aliyekusimamia ule mradi atakusaidia kuliko mkuu wa idara anayekujua kwa namba ya usajili.

MzungushaSaketi
Nimesoma yote, nimelala saa tisa usiku. Nimepata mradi uliotangazwa wa kudhibiti pete kwa hita. Hii hapa rasimu:

"Profesa, kwenye makala yenu mmeandika kwamba hita ya pete moja inaivuruga pete ya jirani. Kwa unyenyekevu mkubwa, kwenye mradi wangu wa shahada nilikutana na tatizo linalofanana nalo kwa kiwango kikubwa zaidi: kihisi kilikaa mbali na hita, joto likayumba wiki tatu. Nilikihamisha, likatulia ndani ya digrii 0.1 (grafu nimeambatisha). Ningependa kujua kama mmejaribu kupima joto kwa nuru ya pete yenyewe badala ya kihisi cha pembeni."

BintiVolti
Ondoa "kwa unyenyekevu mkubwa". "Tatizo linalofanana" nalo lilegeze, kwako taarifa ilichelewa, kwao joto linavuja kwenda kwa jirani. Ni ndugu lakini si mapacha, na atakubana hapohapo. Swali la mwisho liache kama lilivyo. Vyeti usiambatishe, ukurasa mmoja wa wasifu na grafu vinatosha.

MzungushaSaketi
Nimerekebisha na nimetuma. Kwa mmoja tu. Jina nimelihakiki mara tatu.