Tupeane uzoefu: umewahi kuamua jambo kwa sababu akili mnemba ilikuambia?

MamaPembejeo, Uyole

Mugonile, kamwene, na wengine wote habari za jioni.

Nauza pembejeo hapa Uyole, na kuna kitu kimebadilika dukani ambacho nataka tukizungumze. Zamani mkulima wa viazi alikuja ameshika shina zima na udongo wake, anauliza, "Dada, hii ni nini?" Siku hizi anakuja ameshika simu, anauliza, "Una dawa hii?" Ugonjwa ameshatajiwa, dawa ameshatajiwa, kilichobaki ni bei.

Msimu uliopita alikuja baba mmoja kutoka Umalila, viazi vyake vinanyauka. Alikuwa amepiga picha, akaiuliza akili mnemba, ikamjibu ni ukungu. Jibu halikuwa la hovyo, maana kwa baridi na mvua za huku ukungu ndio adui wetu mkubwa. Lakini majani aliyonionyesha yalikuwa ya kijani, yamelegea tu, hayana mabaka meusi wala unga mweupe chini ya jani. Nikamwomba shina moja, nikalikata karibu na usawa wa udongo, nikalishikilia wima kwenye glasi ya maji safi. Baada ya muda mfupi vikaanza kushuka vinyuzi vyeupe vyenye rangi ya maziwa. Huo ni mnyauko bakteria. Dawa ya ukungu haiutibu, hata ungepiga kila wiki. Unang'oa mashina yaliyougua na kuyatoa shambani, unapumzisha eneo kwa mahindi kwa misimu kadhaa, hupandi hapo viazi, nyanya wala bilinganya, na ukirudi unarudi na mbegu safi.

Simu kukosea hakukunisumbua sana. Hata bwana shamba akipewa picha tu anaweza kukosea. Kilichonisumbua ni kwamba vinyuzi vinashuka mbele ya macho yake, na bado yule baba anasema, "Lakini simu imesema ukungu." Jibu lilimfikia kabla hajalikagua shamba lake, na kila alichokiona baadaye alikilazimisha kifanane nalo. Naamini nguvu yake iko hapo, kwenye kutangulia.

Sasa nanyi semeni. Ilikufanya uamue nini, au uache nini? Waliosaidika nao waseme, nataka kusikia yote.

Mbao_Mafinga

Dada, mimi nianze na upande wa shukrani. Nafanya kazi ya mbao Mafinga, mke wangu alikuwa kijijini, mjamzito wa miezi minane. Usiku akanipigia, kichwa kinauma sana, anaona nyotanyota, uso na mikono vimevimba. Mama mkwe alisema ni uchovu, alale, asubuhi wataangalia. Nilikata simu nikaandika dalili zote kama alivyozitaja. Jibu lilikuja moja kwa moja: hizo ni dalili za hatari kwa mjamzito, aende kituo cha afya sasa hivi, asisubiri kukuche. Nikampigia jirani mwenye bodaboda. Walipofika presha ilikuwa juu sana, wakaanza kumtibu hapo hapo ili isifikie kifafa cha mimba. Mama na mtoto wako salama.

Mimi sikuwa na mtu wa kumuuliza saa ile. Kwa hiyo wanaosema tuitupe mbali, sikubaliani nao hata kidogo.

MamaPembejeo, Uyole

Mungu awatunze. Hilo nalikubali kabisa, kaka. Na naona haikukuambia dawa ya kumpa, ilikupeleka kwa watu wenye kipimo.

Kahawa_Mbozi

Kwetu imeleta mabishano ndani ya nyumba. Mpwa wangu amerudi kutoka Dar, kijana mzuri, ana hamu ya kilimo, nami namtia moyo. Akaiuliza ni lini apande mahindi. Ikampa ratiba iliyopangika vizuri: masika apande Machi, vuli apande Oktoba, avune mara mbili. Nani huku hajui kwamba Nyanda za Juu Kusini tuna msimu mmoja wa mvua, unaoanza Novemba hivi na kwenda hadi Aprili au Mei? Masika na vuli ni za Pwani na Kaskazini. Mahindi ya kutegemea mvua ukiyapanda Machi hapa Mbozi, mvua itakatika yakiwa bado yanaihitaji.

Kijana hakubishana kwa jeuri. Alisema, "Mjomba, lakini imeeleza vizuri." Ndicho kilichomshika: Kiswahili kimenyooka, aya zimepangika, hakuna kusitasita. Bibi yake akieleza, anaanza na mwaka wa njaa, anapita kwenye mti unaotoa maua, ndipo anafika kwenye mvua. Ukimsikiliza kwa haraka utadhani hajui. Nilimwambia aiulize tena, ataje wilaya na aseme kwetu mvua ni ya msimu mmoja. Ikageuza ratiba yote bila kubisha. Akakaa kimya muda mrefu akiitazama simu.

Nyanya_Ilula

Dada Mama Pembejeo, samahani kukatisha. Hicho kipimo cha glasi kinafaa na kwa nyanya?

MamaPembejeo, Uyole

Kinafaa, mdogo wangu, mnyauko bakteria ni ule ule. Maji yawe safi, na shina usilitikise. Ukiona vinyuzi vyeupe, usinunue dawa ya ukungu kwa ajili hiyo.

Mwalimu_Kihesa

Nafundisha Historia sekondari hapa Iringa. Nilitoa swali kuhusu upinzani wa Wahehe, na baadhi ya insha, zilizotolewa kwenye akili mnemba, zikaja zimeandika kwamba Mkwawa, kiongozi wa Wahehe, aliongoza vita vya Maji Maji. Mkwawa aliwapiga Wajerumani Lugalo Agosti 1891, akajiua Julai 1898 ili wasimkamate akiwa hai. Maji Maji ilianza 1905. Na hawa ni watoto ambao Kalenga, lilipo fuvu lake lililorudishwa mwaka 1954, ni mwendo mfupi tu kutoka kwao.

Kosa la tarehe nalisahihisha kwa kalamu. Kinachoniumiza ni mjadala. Zamani nikiuliza, "Mkwawa angefanya mazungumzo, Uhehe ingepona?" darasa liliwaka moto. Sasa wanajibu kwa maneno yaleyale: kuna faida na hasara, pande zote zina hoja. Hakuna anayesimama na upande wake.

Nimebadilisha utaratibu. Kwanza kila mmoja anaandika msimamo wake kwenye karatasi, kwa mkono, anasaini. Ndipo wanaruhusiwa kuiuliza mashine, na kazi yao ni kutafuta iliposema tofauti na wao na kuamua nani ana ushahidi. Kelele zimerudi darasani. Wapo wanaoikosoa hadi natamani wazazi wao wangekuwepo.

Kompyuta_Iyunga

Nasoma mambo haya chuoni hapa Mbeya, niongeze kidogo. Programu hizi zimefunzwa kwa maandishi mengi mno, na zinatunga jibu kwa kukadiria neno linaloelekea kufuata. Huku kwetu hakujaandikwa sana mtandaoni, ndiyo maana Mbozi ikapewa mvua za Pwani.

Na huku kuiamini hakukuanza na ChatGPT ya 2022. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum, mtaalamu wa kompyuta wa chuo cha MIT, Marekani, alitoa maelezo ya ELIZA, programu ndogo iliyokuwa inageuza tu maneno yako kuwa swali. Katibu wake, aliyemwona akiitengeneza, alianza kuzungumza nayo kisha akamwomba bosi atoke chumbani waachwe peke yao. Weizenbaum alitumia miaka mingi baadaye kuonya kuhusu tabia hiyo ya sisi watu.

Duka_Mwanjelwa

Mimi sikuiuliza kitu, yenyewe ndiyo iliniamulia. Niliomba mkopo kwa simu, nikakataliwa ndani ya sekunde, sababu haikutajwa. Nifanyeje?

Kompyuta_Iyunga

Dada, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakupa haki ya kuomba kwa maandishi kwamba uamuzi unaokugusa sana usifanywe na mashine peke yake. Waandikie, tunza nakala. Wakinyamaza, ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Mama_wa_Tukuyu

Mwalimu, binti yangu amemaliza kidato cha nne. Simu imemwambia achukue tahasusi ya PCB, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia, kwa kuwa ana huruma na watu. Yeye tangu mdogo ni mtu wa ramani na mawe. Sasa hata mimi ananijibu kwa maneno ya simu.

Mwalimu_Kihesa

Mama, usishindane naye. Mwambie aandike kwenye karatasi masomo anayoyasoma bila kulazimishwa, kisha aweke matokeo yake pembeni. Tahasusi ziliongezwa mwaka 2024, kwa hiyo aangalie orodha mpya ya serikali yenyewe, asitegemee aliyotajiwa. Kama anapenda mawe, atazame zenye Jiografia pamoja na Fizikia au Kemia. Akishaandika, nitumie hapa ndani, nitakaa naye kwa simu tuzungumze. Mwambie aje na maswali yake mwenyewe.